Jinsi ya Kuiba Dakika 60 za Shule Bila Kukamatwa

Mwalimu mwenzangu, rudishia mlango kidogo. Haya nitakayokuambia hayamo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na mwalimu wa taaluma asiyasikie. Nataka kukufundisha wizi. Kila siku utaiba dakika 60 kutoka kwenye siku ya shule na kuwapa watoto wakimbie, waruke, watoke jasho. Jioni utaondoka na begi lako kwapani, na mwalimu mkuu atakusindikiza kwa sifa.

Kwa nini 60? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2020: mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka mapigo ya moyo yapande. Watafiti wa shirika hilohilo walipokusanya takwimu za nchi 146 kwa mwaka 2016, walikuta asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho.

Sasa itazame shule yako. Mtoto wa darasa la tano amekalia dawati tangu saa mbili asubuhi, pengine wako watatu kwenye dawati la wawili. Kipindi cha michezo kipo, tena kimeandikwa kwa kalamu nyekundu, ila kimewekwa mwisho wa siku, na mtihani wa darasa la saba ukikaribia kinamezwa na Hisabati. Mtaala mpya una somo zima la Sanaa na Michezo. Lakini mtihani wa mwisho haumuulizi mtoto kama anaweza kukimbia, na shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Kwa hiyo usingoje kupewa. Iba.

1. Wajue unaowaibia

Kabla ya kuchukua hata dakika moja, simama getini asubuhi mbili tatu na uangalie watoto wanavyofika. Wa mjini utawaona wakishuka kwenye basi la shule na macho ya usingizi. Wamepitiwa alfajiri na wamekaa kwenye foleni muda mrefu kuliko watakavyokaa kwenye somo lolote. Hao wana deni kubwa la mwendo. Wa kijijini utawaona na vumbi mpaka magotini. Wametembea kilomita tatu, nne, wengine na dumu la maji mkononi. Hao wameshaanza kulipa.

Na kuna wa tatu, ambaye ni lazima umtambue kwa sura: hajala tangu jana jioni. Huyo usimkimbize. Mkalishe karibu nawe, mpe kazi ya kushika saa, kisha nenda ukaombe uji kwa ajili yake kwenye kamati ya shule kwa nguvu zako zote. Dakika zote nitakazokufundisha kuiba zinadai kwanza kikombe cha uji. Katika hili sina ujanja wa kukupa.

2. Anzia mstarini, pale wizi hauonekani

Mstari wa asubuhi ni ghala lisilo na mlinzi. Watoto wamekusanyika, walimu wapo, kengele imelia, na muda mwingi unapotea kwenye matangazo. Mwambie mwalimu wa zamu, kwa upole, kwamba wewe utamsaidia kuwapanga watoto. Hakuna mwalimu wa zamu anayekataa msaada. Ukishawapata, waendeshe mchakamchaka wa dakika 10.

Wewe na mimi tunaujua mchakamchaka. Tumekimbia tumbo mbele, viatu mkononi, kiranja akiongoza wimbo na sisi tukiitikia mpaka umande unakauka. Shule nyingi zimeuacha, hasa za mjini, kwa kuona ni mambo ya zamani. Basi sikia haya. Mwaka 2012, mjini Stirling huko Scotland, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Ninians, Elaine Wyllie, aliwaona watoto wake hawana pumzi. Akaanza kuwatoa nje kila siku kwa dakika 15, wakimbie au watembee, wakiwa na sare zao zilezile, bila vifaa vyovyote. Mpango ukasambaa katika maelfu ya shule duniani, na mwaka 2018 watafiti wa Scotland wakachapisha matokeo: watoto waliokuwa kwenye mpango huo walizidi wenzao kwa pumzi, na walikaa muda mfupi zaidi.

Dakika 15, sare zilezile, bila vifaa. Ukitia wimbo hapo una mchakamchaka. Mwenzako mmoja akikuambia unarudisha ushamba shuleni, mpe habari za Stirling. Watu wengi huheshimu cha nyumbani kikishapitia Ulaya, na wewe utumie udhaifu huo bila huruma.

Wimbo usiuache. Mtoto anayekimbia kimya anahesabu uchovu. Anayeitikia hasikii dakika zikipita. Na mpe uongozaji yule mtoro wa darasa la sita mwenye sauti kubwa. Utashangaa atakavyowahi kesho.

3. Mlishe mwalimu mkuu sifa

Mkuu wako ana hofu moja, wastani wa shule, na ana hamu moja, kuitwa jukwaani. Vyote viwili ni funguo.

Kwa hofu, mletee utafiti. Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwatembeza watoto 20 wa umri wa kama miaka tisa na nusu kwenye mashine kwa dakika 20, kisha wakawapa majaribio. Siku ya kutembea, watoto walikuwa makini zaidi na walielewa walichosoma vizuri zaidi kuliko siku waliyokaa tu. Watoto 20 ni wachache, na umwambie hivyo. Mkuu anamwamini mwalimu asiyekuza mambo. Lakini mwache alale na wazo kwamba kijasho cha asubuhi kinaweza kumsaidia kwenye mtihani.

Kwa hamu, mtajie Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kijana wa Karatu aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Moscow 1980 akaleta fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Mpaka baada ya Paris 2024, medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili, na zote ni za miguu. Sema hayo mbele ya mgeni, mkuu akiwepo, kisha ongeza: “Mkuu wetu analijua hilo, ndiyo maana ameruhusu mchakamchaka.” Hata kama hakuwa ameruhusu rasmi, kuanzia dakika hiyo ameruhusu.

4. Iba katikati ya kipindi

Hapa ndipo penye mali. Kipindi kina dakika 40. Mtoto wa miaka kumi hawezi kukaa kimya dakika 40. Anachoweza ni kuonekana amekaa kimya, akili ikiwa imeshatoka dirishani zamani. Hizo dakika zimekwishakufa, kwa hiyo ukizichukua humpunguzii mtu kitu.

Ukifika katikati, weka chaki chini. “Simameni!” Dakika nne. Waruke papo hapo wakihesabu kwa saba: saba, kumi na nne, ishirini na moja. Mwalimu wa darasa la jirani atasikia jedwali la saba likitikisa ukuta na atakuonea wivu. Fanya hivyo kwenye vipindi vitatu kwa siku, umepata dakika 12.

Kwenye Kiswahili, tumia ngeli. Ukuta wa kulia ni KI-VI, wa kushoto ni A-WA. Taja “kiti”, wote wanakimbilia kulia. Taja “mtoto”, wote kushoto. Halafu taja “kifaru”. Darasa litapasuka katikati. Nusu watakwenda kulia kwa sababu ya ki-, nusu kushoto kwa sababu kifaru anakimbia, hakikimbii. Wabishane wakihema. Mimi nimefundisha upatanisho kwa ubao miaka mingi na kwa ukuta miaka michache, na wa ukutani ndio waliokumbuka.

Darasa lako lina watoto 90 na hakuna njia kati ya madawati? Basi wasikimbie. Wasimame, wainame, wanyooshe mikono juu ya dawati, wachuchumae na kuinuka mara 20 wakitaja mikoa ya Tanzania. Mikoa ipo zaidi ya 20, haitawaishia.

5. Kipeleke kipindi kizima nje

Nikueleze wizi wangu mkubwa kuliko wote. Ilikuwa shule moja niliyofundisha, jina nalihifadhi. Darasa la saba walikuwa wamenyang'anywa kipindi cha michezo tangu Machi, wakawa wanasoma mpaka jioni. Saa nane mchana ungewakuta vichwa vimelala juu ya madaftari, na mwalimu wa zamu anapita na fimbo kuwaamsha. Niliuomba muda ule nifundishe mzingo na eneo. Nikapewa kwa furaha, kwa kuwa hakuna aliyeutaka.

Nilichukua kamba ya kuanikia nguo, nikaipiga fundo kila baada ya mita moja, nikawapeleka uwanjani. Kazi ilikuwa kupima mzingo wa uwanja wa mpira. Walipata mita 90 kwa 60, yaani mzingo wa mita 300. Wakazunguka mara ya kwanza kupima. Mara ya pili kuhakiki. Mara ya tatu kwa sababu majibu ya makundi mawili yalipishana kwa mita saba, na kila kundi lilitaka kuthibitisha mwenzake ndiye mwongo. Safari hiyo walikimbia, sikuwaambia mimi. Karibu kilomita nzima, saa nane mchana, watoto waliokuwa wamelala.

Mwalimu wa taaluma alitokea kwenye kona ya uwanja, mikono nyuma. Nikampa andalio la somo. Limeandikwa kwa wino safi: wanafunzi wapime mzingo wa mstatili kwa vitendo, zana, kamba yenye mafundo. Alilisoma, akawatazama watoto wakibishana juu ya mita saba, akalitia saini.

Ndiyo kanuni yenyewe. Andalio lisiwe na uongo hata mmoja. Mtaala unadai umahiri na kujifunza kwa vitendo, na mthibiti ubora akija anatafuta hayo. Mpe. Jiografia ina dira na ramani ya eneo la shule. Wapeleke wakaichore kwa hatua. Sayansi ina mapigo ya moyo. Wahesabu wakiwa wamekaa, wakimbie hadi kwenye mwembe na kurudi, wahesabu tena, wachore jedwali. Somo limekamilika, na mwili pia umepata chake.

6. Usitumie mwili kama fimbo

Hapa naacha ujanja na kukuambia waziwazi. Kama unawapigisha watoto kichurachura kwa kuchelewa, acha. Kama unamzungushia uwanja mtoto aliyekosa hesabu, acha leo.

Fikiria tunachofanya. Asubuhi tunamwambia mtoto mazoezi ni afya. Saa nne tunampa mazoezi hayohayo kama adhabu, mbele ya wenzake, akiwa na sare na aibu. Miaka yote ya shule ya msingi anajifunza kwamba kukimbia ni kitu anachofanyishwa mkosaji. Akimaliza shule na kuwa huru, kitu cha kwanza anachokiacha ni kukimbia. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani wakiwa na miaka thelathini, sukari imepanda, daktari amewaambia watembee, na usoni mwao bado ni mtoto aliyeambiwa azunguke uwanja. Mwalimu mwingine yeyote anaweza kukuharibia wizi wako wa mwaka mzima kwa adhabu moja ya kichurachura, kwa hiyo zungumza na wenzako, mmoja mmoja, chai mkononi.

7. Wasichana kwanza

Katika takwimu zile za 2016, wasichana wasiofikia dakika 60 walikuwa asilimia 85, wavulana asilimia 78. Ukitoa mpira mmoja uwanjani na kusema “chezeni”, umewapa wavulana wa darasa la saba. Wadogo watasimama pembeni, wasichana watakaa kwenye ngazi.

Toa rede. Mpira wa rede unatengenezwa kwa soksi na karatasi, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa, na hakuna mchezo unaochosha kama kukwepa. Toa kamba. Toa kombolela. Wasichana wanaijua michezo hii kuliko wewe. Waombe wakufundishe mbele ya wavulana, na uangalie wavulana wanavyoanza kuomba nafasi.

Kisha shughulikia yale ambayo wasichana hawatakwambia. Anayeacha kucheza akifika darasa la sita mara nyingi amekuwa mkubwa ndani ya sketi ileile ya darasa la nne, au yuko kwenye siku zake na choo cha shule hakina mlango. Ruhusu bukta ndefu ndani ya sketi. Mwombe mwalimu wa kike aweke taulo za kike mahali ambapo msichana atachukua bila kuuliza. Mlango wa choo ni kifaa cha michezo, uandike kwenye bajeti ya shule kwa jina lolote litakalopita.

8. Linda mapumziko kama mboni ya jicho

Kuna mtu atakuja saa nne na kusema darasa la saba wamalizie swali mapumziko. Usikubali. Hizo dakika 20 au 30 ndizo pekee ambazo mtoto anazitumia atakavyo, na huhitaji kufundisha chochote. Kazi yako ni kutoka ofisini na kikombe chako cha chai na kusimama pale wanapocheza. Mwalimu akiwepo, wakubwa hawawanyang'anyi wadogo mpira, na anayetengwa huonekana.

Usimnyime mtoto mapumziko kwa sababu ni mtundu. Mtundu ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Na yule mwenye mguu mlemavu mpe filimbi ya mwamuzi siku moja, lakini siku ya pili mpe mpira. Watoto wenzake watabuni sheria wenyewe. Nimewaona wakikubaliana kwamba yeye akishika mpira hakuna kukaba, na akafunga.

9. Ukikamatwa

Utakamatwa. Mzazi atakuja na kusema, “Mwalimu, nimemleta mwanangu asome, si kucheza.” Usibishane naye. Mwite mtoto, mwambie ataje jedwali la saba. Atalitaja akirukaruka, kwa kuwa hajui kulitaja namna nyingine. Mzazi atacheka. Mwalike Ijumaa aje arushe rede. Akina mama wengi hawajaisahau, na ukishampata mama mmoja uwanjani una mtetezi kwenye kikao cha wazazi.

Mwalimu wa taaluma atakuuliza dakika zake ziko wapi. Fungua daftari lako la wizi umwonyeshe: mstarini 10, kuruka kwenye vipindi vitatu 12, mapumziko 20, kipindi cha nje au rede ya jioni 18. Jumla 60. Kwenye vipindi vyake umechukua zile 12 tu, na siku za kipindi cha nje, 18 ambazo andalio la somo linazieleza zote. Mengine yalikuwa yakipotea bure mbele ya macho yetu sote. Mpe daftari akae nalo usiku mmoja.

Kesho kengele ya mstari italia kama kawaida. Fika dakika kumi kabla, mtafute yule mtoro mwenye sauti kubwa, umkabidhi wimbo.